Mama wa Mtoto wa Kwanza na Kazi ya Kunyonyesha

Watu wengi hudhani ya kuwa kunyonyesha ni jambo lijalo lenyewe, kama jicho lionavyo na sikio lisikiavyo, wala halihitaji mafunzo. Hudhani hivyo hasa wanaume, na baadhi ya akina mama waliokwisha kuzaa mara nne au tano, wakazisahau siku za mtoto wao wa kwanza. Lakini ndama huzaliwa, akasimama, akatafuta kiwele mwenyewe. Mtoto wa binadamu huzaliwa na hamu ya kunyonya, ila shingo yake haina nguvu ya kukichukua kichwa chake. Hana budi kuletwa kwenye titi na kushikwa hapo vizuri. Naye yule amletaye, ikiwa ni mzazi wa mara ya kwanza, hajapata kuifanya kazi hiyo hata siku moja. Basi hapo hukutana wanafunzi wawili, na pengine mwalimu hayupo.

Zamani mwalimu alikuwapo. Msichana alikua katika mji wenye shangazi, dada na wake wa ndugu zake, akawaona watoto wakinyonyeshwa ukumbini na shambani tangu alipokuwa mdogo. Siku yake ilipofika, walikuwapo wazee wa kike wa kumshika mkono. Huko pwani mzazi hutunzwa ndani siku arobaini, na desturi hiyo haijatoka. Lakini siku hizi wasichana wengi huzalia hospitalini, na wakiwa hawana shida yo yote hupewa ruhusa ya kwenda nyumbani baada ya siku moja au mbili. Huko nyumbani ni chumba cha kupanga Kayole au Changamwe. Mume yuko kazini, na mama mzazi yuko mbali, Busia au Kitui. Maziwa yenyewe huanza kujaa baada ya mama huyo kwisha kuondoka hospitalini. Yaani shida huja wakati ambapo mwuguzi hayuko karibu.

Hesabu za serikali zaonyesha jinsi jambo hili lilivyo kubwa. Katika uchunguzi wa afya ya watu wa Kenya uliofanywa mwaka 2003, katika kila watoto 100 waliokuwa hawajatimiza miezi 6, ni 13 tu waliokuwa wakipewa maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji wala kitu kingine. Mwaka 2014 walikuwa 61. Hiyo ni hatua kubwa, na yafaa wauguzi wasifiwe kwa ajili yake. Lakini uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta watoto 60. Maana yake hatua ile imesimama. Wale 40 waliobaki si watoto wa akina mama wasiowapenda. Wengi wa akina mama hao walianza vizuri, kisha wakashindwa kwa sababu ya maumivu, au hofu ya kuwa maziwa hayatoshi, au shauri la jirani.

Kazi huanza katika saa ya kwanza baada ya kuzaa. Mtoto akiisha kupanguswa na kuonekana mzima, yafaa alazwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na kufunikwa kanga au blanketi juu yake. Hapo hupata joto, hutulia, na baada ya muda huanza kulamba midomo na kutafuta. Katika saa hiyo mtoto yu macho kuliko atakavyokuwa katika siku nzima ifuatayo, kwa hiyo ni hasara kumpeleka kwingine ati kwa sababu ya kumpima na kumvika nguo. Mizani itangoja.

Kitu apatacho wakati huo ni maziwa ya kwanza, ambayo kwa Kiswahili huitwa dang'a. Ni mazito, rangi yake ni ya manjano, na ni machache sana. Katika sehemu nyingi watu walizoea kuyakamua na kuyamwaga, wakisema ya kuwa ni machafu, au ya kuwa yamekaa kifuani muda mrefu mno hata yameharibika. Waliofanya hivyo hawakuwa na nia mbaya, kwani kwa kweli hayafanani na maziwa mengine. Walakini madaktari wamethibitisha ya kuwa dang'a ina kinga nyingi ambazo mama amezipata mwilini mwake kwa kupigana na maradhi ya mahali anapokaa, naye humrithisha mwanawe. Tena humsaidia mtoto kutoa choo kile cheusi kinatacho kama lami, ambacho alizaliwa nacho tumboni. Uchache wake si kasoro. Tumbo la mtoto wa siku moja ni dogo sana, na vijiko vichache vya chai kwa siku nzima vyamtosha.

Kwa sababu hiyo hana haja ya maji ya sukari, wala maji matupu, wala asali. Maji hujaza tumbo bila kulisha, na yasipokuwa safi huleta kuhara. Asali huweza kuwa na vijidudu viwezavyo kumdhuru vibaya sana mtoto asiyetimiza mwaka mmoja. Hata katika joto la Lamu au la Garissa mtoto anyonyaye hahitaji maji mengine, kwani sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji.

Hapa lazima kueleza jinsi maziwa yanavyotengenezwa, kwa maana asiyeelewa jambo hili hudanganywa kwa urahisi. Titi si mtungi ambao hujazwa, ukamwagwa, ukangojewa kujaa tena. Lafanana zaidi na kisima cha chemchemi ambacho kadiri kitekwavyo ndivyo kitoavyo. Mtoto anaponyonya, habari hufika ubongoni mwa mama, na tezi ndogo iliyoko huko huingiza katika damu homoni iitwayo prolaktini, ambayo huliamuru titi kutengeneza maziwa. Homoni ya pili, oksitosini, huyasukuma maziwa yaliyokwisha tengenezwa yatoke nje. Prolaktini huwa nyingi zaidi usiku. Ndiyo sababu kunyonyesha usiku, ijapokuwa kwachosha, ndiko kunakojenga akiba ya mchana. Ukubwa wa titi hauna maana katika jambo hili. Mwanamke mwenye kifua kidogo aweza kulea pacha.

Oksitosini ndiyo hiyo hiyo ikazayo tumbo la uzazi lirudi mahali pake na kupunguza damu. Mama asishangae basi akisikia maumivu chini ya kitovu wakati wa kunyonyesha katika siku za kwanza. Homoni hii huchelewa kidogo mama akiwa na maumivu makali, au hofu, au hasira. Pengine ndipo ulipotoka usemi wa wazee kwamba mama aliyeghadhibika hugeuza maziwa yake kuwa sumu. Maziwa hayageuki kitu. Hukawia tu kutoka, nayo hutoka akiisha kutulia.

Sasa itazamwe jioni ya siku ya tatu, jioni ambayo imeharibu kazi ya akina mama wengi. Mtoto amenyonya mchana kutwa, naye bado analia. Kila akiwekwa chini, hulia tena. Mama mkwe, ambaye amekuja kutoka mashambani kwa wema, anaingia chumbani na kusema, "Mwanangu, mtoto huyu ana njaa. Maziwa yako ni mepesi, hayamtoshi. Hebu nimkorogee ya kopo kidogo apate kulala, nawe upumzike." Mke wa mwanawe amechoka, tena hawezi kumbishia mkubwa wake. Anajibu, "Haya, mama." Mtoto anapewa chupa, analala saa nne mfululizo, na watu wote nyumbani wanaona ya kuwa bibi alisema kweli.

Lakini katika saa zile nne titi halikunyonywa, wala ubongo haukupata habari. Kesho yake maziwa ni machache kuliko yatakiwavyo. Mtoto analia zaidi, chupa inaongezwa, na titi linazidi kupumzika. Tena katika chupa maziwa humiminika bila juhudi, na watoto wengine wakiisha kuizoea hulikasirikia titi. Baada ya majuma mawili mama yule anasema kwa masikitiko ya kuwa Mungu hakumjalia maziwa. Naam, alijaliwa. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mapema ya kuwa mtoto wa siku mbili tatu hunyonya karibu kila saa, hasa jioni na usiku, kwa sababu ndiyo njia yake ya kuyaita maziwa yaje. Kwa kawaida maziwa mengi hufika kati ya siku ya pili na ya nne. Kwa mama aliyepasuliwa, au aliyepata uchungu wa muda mrefu sana, huweza kukawia kidogo kuliko hapo.

Mama mkwe naye asilaumiwe. Afadhali aalikwe kliniki pamoja na mkamwana wake, akasikie habari hizi kwa masikio yake, maana neno lake nyumbani lina uzito kuliko la mwuguzi.

Katika yote ayapasayo mama kujifunza, hakuna lililo kubwa kuliko namna ya kumweka mtoto kwenye titi. Nyufa za chuchu, titi kuvimba, mtoto kutoongezeka uzito, na hata maziwa kupungua, mara nyingi chanzo chake ni hicho kimoja. Yafaa lielezwe polepole.

Kwanza mama na akae vizuri yeye mwenyewe, mgongo wake ukiegemea ukuta au mto, miguu yake ikiwa imepata mahali pa kutua. Asimwinamie mtoto, mtoto ndiye aletwe kwake. Mama akaaye ameinama nusu saa mara kumi kwa siku ataumwa mgongo kabla ya juma kwisha, na kazi ataichukia. Kisha mtoto alazwe ubavu, mwili wake wote ukimwelekea mama, tumbo kwa tumbo, na kichwa, shingo na mgongo vikiwa katika mstari mmoja. Jaribu kunywa maji huku uso wako umegeukia begani, utaelewa kwa nini mtoto aliyelazwa chali akageuzwa shingo tu hawezi kumeza. Ashikwe mwili mzima, si kichwa peke yake. Ukimsukuma kisogo, hujivuta nyuma kwa silika yake, na mama hudhani ya kuwa amelikataa titi.

Pua ya mtoto iwe mbele ya chuchu, si mdomo wake. Chuchu iguse mdomo wa juu taratibu, naye atanyanyua uso kidogo na kufungua kinywa. Hapo subira yatakiwa. Mtoto hufungua kinywa kidogo mara ya kwanza, na mama mwenye haraka huitia chuchu papo hapo. Asifanye hivyo. Angoje mpaka kinywa kifunguke sana, kama mtu apigaye miayo, ndipo amlete upesi, kidevu kikitangulia. Kitu kinachopaswa kuingia kinywani si chuchu peke yake, bali pamoja na sehemu kubwa ya duara lile jeusi linaloizunguka, hasa upande wa chini. Mtoto akiitafuna chuchu tu, hupata maziwa kidogo na kuiumiza sana.

Mama atajuaje ya kuwa ameshika sawasawa? Kidevu cha mtoto kimegusa titi. Mdomo wa chini umepinduka nje. Mashavu yamejaa, hayakuingia ndani. Duara jeusi laonekana zaidi juu ya mdomo wa mtoto kuliko chini yake. Naye huanza kwa kunyonya haraka haraka, kisha huvuta taratibu kwa kina, akipumzika mara kwa mara, na mmezo wake husikika. Ikiwa kinyume chake yasikika sauti ya kubofya kama ya ulimi, au maumivu yanazidi badala ya kwisha baada ya nukta chache za mwanzo, basi hakushika vizuri. Hapo asivutwe kwa nguvu. Mama apitishe kidole kidogo kilicho safi pembeni mwa kinywa cha mtoto ili kumwachisha, kisha aanze tena. Huenda akaanza tena mara tatu, mara nne. Si aibu, ndivyo watu wajifunzavyo.

Mama aliyepasuliwa tumbo hatapenda uzito juu ya kidonda chake. Yeye aweza kulala ubavu, mtoto akiwa amelala ubavu mbele yake, au kumpakata chini ya kwapa, miguu ya mtoto ikielekea nyuma kama abebavyo mtu furushi. Njia hiyo ya pili huwafaa pia wenye pacha.

Chuchu zikipasuka, dawa ya kwanza ni kurekebisha ushikaji uliokwisha elezwa. Baada ya kunyonyesha, mama akamue matone machache ya maziwa yake, ayapake juu ya chuchu na kuyaacha yakauke kwa hewa. Sabuni asiitumie hapo kila mara, kwani huikausha ngozi. Titi likijaa mno hata likawa gumu na kung'aa, mtoto hawezi kulishika. Basi mama akamue kidogo kwa mkono mpaka sehemu ya mbele ilainike, ndipo amnyonyeshe. Kitambaa kilichotiwa katika maji ya vuguvugu husaidia kabla ya kunyonyesha, na kitambaa baridi hupunguza maumivu baadaye.

Upande mmoja wa titi ukiwa mwekundu, wenye joto na maumivu, na mama akapata homa na kutetemeka kama mwenye malaria, hilo ni jambo la kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Wengi wakifikiwa na hali hiyo huacha kunyonyesha upande ule wakidhani ya kuwa maziwa yameoza. Kuacha ndiko kuongezako ubaya, maana maziwa yakibaki ndani uvimbe huzidi, na huweza kutunga usaha. Mtoto na aendelee kunyonya, hayatamdhuru.

Swali ambalo kila mama huuliza ni hili: maziwa yakinywewa ndani ya kinywa, wala hayapimwi kwa kikombe, atajuaje ya kuwa yanatosha? Jibu liko katika nepi. Kile choo cheusi hubadilika rangi kikawa cha kijani-kijani, na kufikia siku ya tano hivi huwa cha manjano na laini. Mkojo nao huongezeka; baada ya siku ya tano mtoto apataye maziwa ya kutosha hukojoa mara sita au zaidi katika saa 24, tena mkojo wake ni mweupe usio na harufu kali. Anyonye mara nane hadi kumi na mbili kwa usiku na mchana. Mama amwachie amalize titi moja, aliache mwenyewe, ndipo ampe la pili, kwa sababu maziwa ya mwisho yana mafuta mengi zaidi kuliko ya mwanzo.

Uzito hupungua kidogo katika siku za kwanza, na hilo ni la kawaida. Wengi huwa wameurudia uzito wao wa kuzaliwa wanapotimiza majuma mawili. Kilio peke yake si kipimo. Mtoto hulia kwa baridi, kwa joto, kwa nepi iliyolowa, kwa hewa iliyo tumboni, na mara nyingine kwa kutaka kushikwa tu. Tena yafaa aletwe titini kabla hajalia, anapoanza kugeuza kichwa huku na huku na kulamba mikono yake. Aliyekwisha kasirika hashiki vizuri.

Kuhusu chakula cha mama, desturi za Kenya ni njema, wala hazihitaji kusahihishwa sana. Huko pwani mzazi hupewa uji wenye pilipili manga na mchuzi wa kuku au samaki. Wakikuyu humpa fiwi nyeusi, ambazo wao huziita njahi, na kwingine hupewa uji wa wimbi. Hakuna katika hivyo kilicho na uwezo wa ajabu wa kuleta maziwa. Kinachoyaleta ni mtoto. Lakini humpa mama nguvu, na kumwonyesha ya kuwa watu wa nyumbani wanamjali. Mama na ale mara nyingi kuliko zamani, na anywe kila asikiapo kiu. Hata akila haba, maziwa yake bado ni mazuri kwa mtoto. Atakayedhoofika kwanza ni yeye mwenyewe. Baba asiye na la kufanya katika kunyonyesha ana mengi ya kufanya kando yake: kumletea mkewe maji anapokaa kunyonyesha, kumpokea mtoto na kumbeua begani, kufua nepi, na kuwazuia wageni wasijae chumbani usiku.

Habari ya maziwa ya kopo ina historia ndefu, na yatosha kutaja machache. Mwaka 1939, Dakta Cicely Williams, aliyekuwa amefanya kazi Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana, alisimama mbele ya wakubwa wa mji wa Singapore akawashutumu wauzao maziwa ya kopo kwa akina mama maskini, kwa kuwa alikuwa amewaona watoto wengi wakifa kwa ajili yake. Miaka mingi ilipita. Mwezi wa Mei 1981, mkutano mkuu wa Shirika la Afya la Dunia ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa hayo kwa kura 118, na nchi moja tu, Marekani, ikapinga. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012, ambayo yakataza kuyatangaza na kuyavumisha maziwa ya watoto wachanga.

Ubaya haukuwa katika maziwa peke yake. Unga wa kopo unahitaji maji yaliyochemshwa na ambayo bado ni ya moto sana, chupa iliyooshwa na kuchemshwa kila mara, na fedha za kununua kopo jingine la kwanza liishapo. Mahali ambapo maji huchotwa kwa mtungi na makaa hununuliwa kwa kipimo, mama hulazimika kupunguza kitu: ama moto, ama unga. Mtoto hupata kuhara au hukonda. Hata hivyo wapo akina mama wachache ambao, kwa maradhi au kwa sababu nyingine iliyothibitishwa na daktari, hawawezi kunyonyesha. Hao waelekezwe namna ya kulisha kwa usalama, kwa kikombe safi, wala wasisemwe vibaya na mtu ye yote.

Mama mwenye virusi vya UKIMWI alikuwa zamani katika mashaka makubwa. Siku hizi hali ni nyingine. Akimeza dawa zake kila siku kama alivyoagizwa, na mtoto akapewa dawa zake za kinga, hatari ya kumwambukiza kwa maziwa hupungua hata ikawa ndogo sana, naye hushauriwa amnyonyeshe kama mama mwingine. Asichanganye maziwa yake na vyakula vingine katika miezi 6 ya kwanza. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ambao hawana nguvu za kunyonya, hupewa maziwa ya mama yao yaliyokamuliwa. Tena mwaka 2019 hospitali ya wazazi ya Pumwani, Nairobi, ilifungua akiba ya maziwa yatolewayo na akina mama wengine, yakapimwa na kutiwa moto wa kuua vijidudu, kwa ajili ya watoto wachanga ambao mama zao ni wagonjwa au wamekufa.

Lipo jambo moja ambalo sheria haijalinyosha. Wataalamu husema maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha vyakula vingine pamoja na kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Na miaka miwili si hesabu ngeni kwa Waislamu, kwani ndiyo iliyotajwa katika Kurani. Lakini likizo ya uzazi kwa sheria ya kazi ya mwaka 2007 ni miezi mitatu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yawaagiza waajiri waweke chumba cha kunyonyeshea mahali pa kazi. Wapo waliotii, na wapo ambao mfanyakazi wao angali akikamua maziwa chooni. Mama atakaye kurudi kazini na aanze kujizoeza kukamua majuma mawili kabla. Maziwa yaliyokamuliwa katika chombo safi chenye kifuniko hukaa saa nne mahali pasipo na joto kali, au siku nne katika jokofu, na mlezi amnyweshe mtoto kwa kikombe.

Mtoto apelekwe hospitali bila kukawia ikiwa hataki kunyonya kabisa, au ni mlegevu na haamki, au ana homa, au mwili wake ni baridi, au apumua kwa shida, au macho na ngozi yake vimekuwa vya manjano, au amepita nusu siku bila kukojoa. Kwa mambo mengine yote, kliniki hupokea mama na mtoto katika majuma mawili ya kwanza, na tena katika juma la sita. Mama aende na kitabu chake cha afya ya mama na mtoto, na zaidi ya kumpima mtoto amwombe mwuguzi akae naye dakika kumi amtazame akinyonyesha. Mwuguzi aliyezoea huona kwa jicho moja yale ambayo maneno mengi hayawezi kuyaeleza, na mara nyingi kusogeza kidogo tu kiwiko cha mama kwatosha.